Njia ya Kwenda Jikoni kwa Oleta

Jumamosi, Machi 7

Mimi Thurman Sizemore ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote katika bonde hili, na anayebisha aje, nitampikia kahawa tubishane vizuri. Nimeendesha malori mpaka nikakanyaga kila jimbo la nchi hii isipokuwa Hawaii, na hilo ni kosa la bahari, si langu. Lori lilinipindukia Wyoming nikatoka na mkwaruzo wa kidole gumba. Nimeshinda friji kwenye bahati nasibu ya wazima moto. Na juu ya yote hayo, sasa nimepata amani. Tangu Krismasi jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, Oleta Napier, hayupo. Kisukari kilimla mguu, wakaukata chini ya goti, wakamweka kwenye kituo cha mazoezi ya tiba huko mjini. Hakuna tena wa kunifokea asubuhi eti mbwa wangu Jenerali amefukua maua yake. Hakuna wa kuniambia shati linanuka dizeli. Nakunywa kahawa yangu mwenyewe, kwangu mwenyewe, kimya. Wafalme hawana kitu kama hiki.

Daftari hili nimeletewa na watu wa mpango wa wanafunzi wa kujitolea. Wameandika kwenye karatasi ya rangi: "Mwenyeji wetu mpendwa, tunakuomba uandike hisia zako msimu huu." Hisia zangu ni tatu: njaa, usingizi na hasira. Lakini daftari ni la bure, na kitu cha bure sijawahi kukitupa.

Kila Machi, vyuo vikifunga kwa likizo ya machipuko, wanafunzi wengine wanakwenda Florida kulewa mchangani na wengine wanakuja huku kwetu Kentucky kutuokoa. Wanalala ukumbini kanisani, mimi ndiye mwenye funguo, mpishi, na mwaka huu ni fundi mkuu. Kazi yenyewe ni kumjengea Oleta njia ya mbao ya mteremko, ya kupandishia kiti cha magurudumu. Nyumba yake imeegemea mlima kwa nyuma, kwa mbele imesimama juu ya nguzo ndefu kama mtu aliyekunja suruali kuvuka maji. Mwanawe Garlan, anayekaa Dayton, Ohio, amesema waziwazi: ikifika Pasaka na kiti hakiingii ndani, anamchukua mama yake kumweka nyumba ya wazee hukohuko Dayton, na ya hapa inauzwa.

Timu tatu, wiki tatu. Ramani nimechora mwenyewe nyuma ya kalenda. Inaanzia barabarani, inapanda kushoto, inakata kona, inapanda kulia, inakata tena, mpaka mlango wa mbele. Itakuwa ndefu kuliko zote katika kaunti. Watu watasimamisha magari waangalie.

Jumapili, Machi 8

Wa kwanza wamefika, wa Pennsylvania. Kiongozi wao kijana mrefu, Tolliver, anaongea polepole kama anayesomea mgonjwa. Nimewapikia maharage na mkate wa mahindi. Binti mmoja akauliza, "Mzee Thurman, haya maharage yana nyama?"

"Nguruwe kidogo tu. Kwa ajili ya urafiki."

Nusu ya meza wamekula siagi ya karanga.

Jumatatu, Machi 9

Hakuna kilichofanyika. Wameketi kwenye duara.

"Kabla ya kushika nyundo," Tolliver akasema, "tunataka kuisikiliza jamii."

"Jamii ndiyo mimi. Jamii inasema shika nyundo."

"Mzee, tunataka kujua hasa, kwako wewe, nyumbani maana yake nini?"

"Mahali unapoingia bila kubebwa. Twendeni."

Wakaandika. Ndiyo, waliandika! Kisha wakaulizana jibu langu limewagusa vipi, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua likazama.

Jumanne, Machi 10

Mvua. Duara.

Jumatano, Machi 11

Leo tumechimba mashimo ya nguzo. Bima ya chuo hairuhusu mwanafunzi kugusa msumeno wa umeme, kwa hiyo mimi nakata, wao wanabeba. Kila mmoja amevaa miwani ya usalama, hata anayekwenda kuleta maji ya kunywa.

Alhamisi, Machi 12

Mvua. Nimekata mbao chini ya turubai peke yangu. Walinipungia mikono kutoka dirishani.

Ijumaa, Machi 13

Nilidhani nimeona yote. Wamekuja na utepe mwekundu na makopo ya rangi. Kumbe mpango una desturi: kila timu, siku ya Ijumaa, inapaka rangi viganja, inapiga muhuri wa mikono kwenye kazi yake, inakata utepe na kupiga picha. Kazi yenyewe ni jukwaa dogo la mbao kando ya barabara, hatua chache, kisha hewa.

"Tolliver," nikasema, "hii inakwenda wapi?"

"Ni ishara, mzee."

"Oleta atapanda ishara?"

Akacheka kwa heshima, halafu akalia machozi, halafu akanikumbatia. Baadaye akaniuliza bibi mwenyewe anaendeleaje huko mjini. Nikasema vizuri. Sijui kama ni vizuri. Sijapata nafasi ya kwenda. Jenerali hana wa kumwangalia.

Jumamosi, Machi 14

Wameondoka. Vyoo wameviacha vinang'aa, sitawanyima hilo.

Jumapili, Machi 15

Wa pili, wa New Jersey. Hawa wanaongozwa na msichana mfupi mwenye sauti ya kuamsha mji, Xiomara. Ameshuka garini, ameniangalia juu mpaka chini, akasema, "Shikamoo babu, jiko liko wapi?"

"Babu wa nani?"

"Wangu, kama huna mwingine."

Amekula maharage sahani mbili, nguruwe na yote.

Jumatatu, Machi 16

Hawa wanafanya kazi kweli. Ila asubuhi nzima wamekuwa wakirekebisha jukwaa, maana limelalia upande mmoja kama mlevi.

"Nani aliweka hii?" Xiomara akauliza.

"Wale wa Pennsylvania."

Pimamaji yangu, ile ya kupimia usawa, ina ufa. Lakini Pennsylvania ni mbali, hawatasikia.

Jumanne, Machi 17

Mvua. Garlan amepiga simu.

"Thurman, imefika wapi?"

"Inakaribia."

"Wiki jana ulisema inakaribia."

"Wiki jana ilikuwa inakaribia kwa mbali."

"Sikiliza mzee, sina ugomvi na wewe. Nimempatia mama chumba huku, kizuri, kina dirisha."

"Mama yako ana madirisha tele."

"Ana madirisha, hana mguu," akasema. "Mimi siwezi kukaa Ohio nikiwaza ameanguka na hakuna aliyejua." Akakata.

Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi la kumstahili. Mtoto anamhofia mama yake, utamtukanaje?

Jumatano, Machi 18

Upande wa kwanza wa njia umefika kwenye kona. Ni mzuri. Lori la makaa limepiga honi likipita. Nilisema mimi.

Alhamisi, Machi 19

Leo nimekasirika, na aliyenikasirisha ana urefu wa pipa.

Tulikuwa tunakula mchana barazani kwa Oleta, miguu inaning'inia, mimi nawasimulia habari za Wyoming. Xiomara akanikatiza katikati, lori likiwa bado hewani.

"Babu, mwenye nyumba amesemaje kuhusu hii njia?"

"Amesemaje kivipi? Anataka kuingia kwake. Nani hataki kuingia kwake?"

"Amesema?"

"Hakuna haja ya kusema."

"Kwa hiyo hajaulizwa."

Nikamwambia wale wa Pennsylvania walipoteza siku mbili kuuliza maswali, nikashukuru Mungu kwa kuwaleta watu wa New Jersey, sasa asiniharibie shukrani. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Umemwona lini mara ya mwisho?"

"Hivi karibuni."

"Lini?"

Nikatafuna mkate taratibu. Mkate wa mahindi una faida hiyo, hauharakishwi.

"Krismasi," nikasema. "Walipomchukua."

"Mji ule tuliopita tukija? Pale penye mnara wa maji?" Akashusha sauti, na sauti yake ikishuka inatisha kuliko ikipanda. "Babu. Ni nusu saa."

"Nina mbwa."

"Mbwa tutakaa naye."

"Ana tabia mbaya."

"Na sisi tunazo."

Nikainuka nikaenda kupiga misumari ambayo haikuhitaji kupigwa. Watoto hawa wanakuja wiki moja, hawajui hata kijito kinaitwaje, tayari wanataka kukupanga maisha. Mimi Oleta nimemjua tangu tunapanda basi moja la shule. Mimi ndiye niliyemshika siku walipomshusha mumewe kaburini. Sasa niende nikamwone amekaa kwenye kiti, blanketi limelala bapa upande mmoja, niseme nini? Niseme habari za friji?

Nimewaambia ndiyo. Tunakwenda kesho.

Ijumaa, Machi 20

Asubuhi timu ilikuwa imegawanyika. Wengine walitaka kubaki, maana Ijumaa ni siku ya utepe na hawakuja kutoka New Jersey wakose utepe. Wamebaki na rangi na Jenerali, ambaye sasa ana kiganja cha kijani mgongoni. Sisi wengine tukapanda gari.

Alikuwa amekaa dirishani. Amepungua. Nywele wamemchania vibaya, mstari umekwenda upande ambao Oleta hajawahi kuuweka maishani mwake. Nikasimama mlangoni na kofia mkononi kama mwizi mahakamani.

"Nani huyu?" akasema. "Thurman Sizemore? Nilidhani umekufa. Nilikuwa nimeanza kukusamehe."

"Bado bado."

"Basi nitaacha." Akanusa. "Shati linanuka dizeli lile lile. Hawa watoto wa nani?"

Xiomara akajitambulisha, akamsalimia vizuri, kisha akamwonyesha picha za njia kwenye simu. Oleta akaivaa miwani. Akatazama ya kwanza, ya pili. Akairudia ya kwanza.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna, bibi."

"Basi mbona mnaijenga kwenye mlango wa mbele?"



"Binti yangu," Oleta akamwambia Xiomara, "kwenye nyumba ile mlango wa mbele umemtoa baba mkwe, ukamtoa mama mkwe, ukamtoa mume wangu, wote wamelala chali. Tangu nimeolewa pale, watu hai walioingia kwa mbele ni mchungaji na mtu wa sensa. Na mimi siku moja nitapita hapo, lakini sitakuwa nimekaa." Akanigeukia. "Wewe. Umekuja kunywa kahawa yangu asubuhi ngapi?"

"Nyingi."

"Kwa mlango upi?"

Nikaangalia viatu vyangu. "Wa jikoni."

"Na mlango wa jikoni uko juu kiasi gani?"

Nilishusha mkono pembeni, nikausimamisha usawa wa goti. Kwa nyuma nyumba imeegemea mlima, nani asiyejua. Kutoka ardhini mpaka jikoni ni vidato viwili vya jiwe, paka mzee anaruka bila kufikiri.

Xiomara akakaa kwenye kitanda cha Oleta akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu ikamwingia, akaacha. "Babu," akasema, "wiki mbili!"

"Jikoni ndiko jiko liliko," Oleta akaendelea, sasa hasemi na yeyote. "Kuna dirisha linalotazama ng'ambo. Naona kama moshi wake unatoka au hautoki. Huko mbele mnaniweka nitazame nini, malori?"

Tukarudi. Miaka yote nimeingia nyumba ile kwa nyuma, nikifuta viatu kwenye jiwe lile lile, na niliposhika kalamu nikachora mbele. Nilitaka ionekane barabarani. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Tumefika tumekuta wenzao wameshakata utepe. Mikono mipya imepigwa kwenye mbao, bluu na kijani, mizuri sana, inapanda kwenda kwenye mlango wa maiti.

Jumamosi, Machi 21

Xiomara akiaga: "Usiwaache wanaokuja waendelee na ya mbele."

"Mimi ndiye fundi mkuu hapa."

"Ndicho kinachonitia wasiwasi, babu." Akanibana shingo kwa nguvu, akapanda gari. Ukumbi umekuwa mkubwa ghafla.

Jumapili, Machi 22

Mvua usiku kucha na leo. Wa tatu wamefika, wa Minnesota. Kiongozi anaitwa Anders. Hawa ni wapole mpaka unatamani mmoja wao akanyage msumari usikie anasema nini. Wanashukuru kwa kila kitu. Wameshukuru hata kwa mvua.

Jumatatu, Machi 23

Nimewaeleza wazi. Mbao nyingine hazipo, zilizokuwepo zote ziko mbele. Tunabomoa, tunapeleka nyuma, tunajenga fupi, tunamaliza. Mtoto mdogo angeelewa. Lakini hawa wako chuo kikuu.

"Mzee Thurman," Anders akasema, "hatungependa kubomoa kazi ya wenzetu."

"Kazi ya wenzenu inakwenda pabaya."

"Ina mikono yao."

"Mikono yao wameondoka nayo! Hiyo ni rangi!"

"Tulikuja kujenga," akasema, taratibu, kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Wakapiga kura. Zikalingana. Wataipiga tena kesho. Nimekwenda nje nikaongea na Jenerali, yeye ana msimamo.

Jumanne, Machi 24

Mvua. Wamepiga kura, zimelingana. Nikachukua simu nikampigia Oleta, nikaiweka mezani sauti juu.

"Anayegoma kubomoa ni yupi?" akauliza.

"Ni mimi, bibi. Anders."

"Anders, mwanangu, umewahi kubebwa kwenye jeneza?"

"Hapana, bibi. Bado."

"Basi bomoa."

Hakukuwa na kura ya tatu.

Jumatano, Machi 25

Wanabomoa kama wanavyofanya kila kitu, kwa adabu. Kila skrubu inatolewa nzima, inawekwa kwenye kopo. Mbao zenye mikono wanazibeba wawili wawili kama mgonjwa. Nimepiga kelele siku nzima, sauti imekwisha, wamenishukuru.

Alhamisi, Machi 26

Mbao zote ziko nyuma kwa Oleta chini ya turubai. Mvua haijanyamaza hata kwa kupumua. Kijito kimekuwa rangi ya kahawa yenye maziwa. Nimehamia ukumbini na Jenerali kabla daraja langu la miguu halijaamua kusafiri.

Ijumaa, Machi 27

Hakuna kazi. Maji yamepanda barabarani. Maua ya Oleta yamekwenda, na sanduku langu la posta limeyafuata. Anders ameutoa utepe mwekundu kwenye mkoba, akautazama, akaurudisha. Kesho likizo yao inakwisha, wanaondoka. Wiki tatu, vyuo vitatu, na Oleta ana rundo la mbao na kidato cha jiwe. Garlan ametuma ujumbe: anakuja na mama yake Jumamosi ya Pasaka, "tuone au tumalize."

Nimeunguza mkate. Nimeuweka mezani hivyo hivyo mweusi. Wameshukuru.

Jumamosi, Machi 28

Daraja la magari la huko chini limefunikwa. Hakuna anayetoka wala kuingia. Umeme umekatika tangu alfajiri. Wamekaa ukumbini juu ya mabegi yaliyofungwa, simu zimezima, wanatazamana kama abiria wa basi lililoharibika.

Jumapili, Machi 29

Mvua imepungua ikawa ya kunyunyiza. Baada ya ibada nilikuwa nasugua sufuria, Anders akaja akasimama nyuma yangu. Hakusema habari ya duara. Hakusema jamii. Alisema, "Mzee, sisi tumekaa tu. Pale juu pana kitu cha kufanya?"

Nikamwangalia. Ndevu zimeanza kumtoka, soksi zimelowa, amechoka kuwa mtu mwema.

"Pana," nikasema.

Tukapanda kwa njia ya mlimani, wote, na misumeno ya mkono, maana umeme hakuna. Bima ilisema mambo ya msumeno wa umeme, ya huu wa mkono haikusema. Mimi nikashika pimamaji, nikaona ule ufa, nikaitupa kijitoni mbele yao. Tukatumia chupa ya maji iliyolazwa. Anders akaona mahali nilipoweka nguzo, akasema, "Hapo sipo," nikasema ndipo, akasema sipo, akanionyesha, na kweli sipo. Nimefurahi kubishiwa! Wiki nzima nilikuwa napigana na mto wa manyoya. Mwenzake mmoja alijigonga kidole na nyundo, akatoa tusi refu, safi kabisa, la kwao huko kwenye barafu. Wote tukamwangalia. Nikamwambia karibu Kentucky.

Jioni maharage na nguruwe wake. Hakuna aliyeuliza kitu, walikuwa wanakwangua sufuria.

Jumatatu, Machi 30

Tumejenga kutwa. Jenerali amelala kwenye njia, hataki kuondoka, tumefanya kazi kumzunguka.

Jumanne, Machi 31

Imekwisha. Ni fupi, haina kona, kutoka barabarani huioni kabisa. Mbao za sakafu zilikuwa chache, ikabidi tutumie zile zenye mikono, kwa hiyo ukipanda kwenda jikoni kwa Oleta unakanyaga mikono ya Pennsylvania na New Jersey. Wa Minnesota hawakupiga ya kwao. Daraja limefunguka saa sita mchana, wakakimbilia gari, wameshakosa madarasa. Hakuna aliyepiga picha. Utepe mwekundu Anders ameufungia mlango wa gari ambao haufungiki tena.

Akaniambia, "Asante, mzee."

Nikamwambia, "Ukisema hiyo tena nakutia kijitoni." Akacheka. Jino lake moja la mbele limepinda, sikuwahi kuliona, kumbe wiki nzima hakucheka hata mara moja.

Alhamisi, Aprili 2

Nimefagia njia. Nimeifagia tena.

Jumamosi, Aprili 4

Garlan ameingiza gari uani kwa nyuma, polepole, matope mpaka kwenye vioo. Amenenepa, amepata upara, ana uso wa baba yake. Akamshusha mama yake, akamkalisha kwenye kiti, akaishika njia ya mbao akaitikisa. Haikutikisika. Akanitazama.

"Hii umejenga wewe?"

"Nimesaidia," nikasema. Sijui neno hilo lilitoka wapi.

Oleta hakutaka kusukumwa. Akashika magurudumu mwenyewe, akapanda, akipita juu ya mikono ile akiitazama mmoja mmoja. Akafika juu. Nikafungua mlango wa jikoni kwa mbwembwe kama mfanyakazi wa hoteli kubwa. Kiti kikaingia nusu, kikagota. Akarudi nyuma, akajaribu kwa kunyoosha, kikagota. Mlango mwembamba, kwa upana wa kidole tu, vyuma vya magurudumu vinakwaruza mbao kila upande. Wiki nne, na hakuna mtu kati yetu aliyepima mlango.

Garlan akavuta pumzi. Hakusema kwa ubaya. "Mama, basi. Wamejaribu. Tumejaribu wote. Twende."

Oleta alikuwa ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Kutoka pale alipokaa alikuwa analiona jiko lake, kikombe chake kwenye msumari, na kile kingine.

"Thurman."

"Naam."

"Toa mlango."

Nikapiga bawaba nyundo, nikautoa, nikauegemeza ukutani. Kiti bado. Miimo yenyewe ndiyo iliyobana, ile ya mti wa mwaloni aliyoiranda marehemu mumewe kwa mkono, ambayo kila mwaka anaipaka mafuta.

"Leta mtaimbo," akasema.

"Oleta, hii ni kazi ya Harlis."

"Najua ni ya nani. Yeye angekuwa ameshavunja, wewe bado unahutubia. Vunja!"

Nikaingiza mtaimbo. Garlan akasimama kidogo, kisha akavua koti, akashika upande wa pili. Mbao zile zililia kama mnyama. Tulipomaliza palikuwa na shimo ukutani, vumbi, misumari ya kizamani sakafuni, na Oleta akapita katikati yetu bila kugusa popote, moja kwa moja mpaka dirishani. Akatazama ng'ambo kwangu.

"Paa lako linavuja," akasema.

Garlan alikaa kwenye kidato cha jiwe kilichobaki, akafuta uso. Mwishowe akasema: mpaka mwisho wa kiangazi, tuone. Muuguzi atakuja mara moja kwa wiki. Ila kuna sharti. "Lazima kuwe na mtu anayemwona kila asubuhi, kila asubuhi kweli. Nani atakuja?"

Wote wawili wakanigeukia.

"Nina mbwa," nikasema.

"Mlete," Oleta akasema. "Maua yenyewe yameshakwenda na maji."

Jumapili, Aprili 5. Pasaka

Nimevuka asubuhi. Mlango hakuna bado, tumetundika shuka la viraka, nikasimama nje nikakosa pa kubisha hodi, akapiga kelele ndani, "Ingia wewe, baridi inaingia!" Jenerali akatangulia na matope yake yote. Nimefokewa kwa mbwa, kwa matope, kwa shati, kwa miimo, kwa kukaa miezi mitatu bila kufika. Hiyo ya mwisho hakuipigia kelele, aliisema akimimina kahawa, akaniwekea kikombe changu.

Karatasi ya mpango inataka nimalizie kwa kuandika niliyojifunza. Sijajifunza kitu. Ila ukurasa wa kwanza wa daftari hili una neno lisilo la kweli, na sitaki lisomwe hivyo. Lori ni kweli, friji ni kweli. Ile amani ni uongo. Ilikuwa miezi mibaya kuliko yote niliyowahi kuishi, na kahawa yangu haifai.